Nimekaa kaunta peke yangu Nairobi, Singapore na London, haya ndo niliyoyakuta

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikikaa peke yangu kaunta ya baa ya kokteli, vile vinywaji vya kuchanganya, ni "unamsubiri mtu?" Simsubiri mtu. Namsubiri huyo jamaa mwenye sheka, kile kikopo cha kutikisia vinywaji, amalize kumhudumia mzungu wa pembeni aje anisikilize na mimi. Nimeulizwa hilo swali Dar, nimeulizwa Arusha, na kuna mji mmoja ntausimulia huko mbele bila kuutaja jina nimeulizwa mara tatu usiku mmoja na watu watatu tofauti, wa kwanza mlinzi wa mlangoni, yaani mpaka nikaanza kutamani kweli ningekuwa na mtu wa kumsubiri.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Tunatumwatumwa sana, wiki mbili huku siku nne kule, na ukishashinda kutwa na mafaili ya watu na wenyewe wanakuangalia kama umekuja kuwafukuza kazi, jioni una mawili, ubaki chumbani na rimoti au ushuke ukatafute sehemu ya kukaa kama binadamu. Mimi nashuka. Sio mnywaji wa hivyo, glasi moja, ikizidi sana mbili, ila hizi baa za kokteli nimezipenda kwa sababu ukikaa kaunta unamwona mtu anafanya kazi kwa mikono yake mbele ya macho yako. Bia unafunguliwa tu, na kwetu swali lenyewe ni "ya moto au ya baridi" basi mjadala umeisha. Kokteli mtu anakamua, anapima, anatikisa, anaonja kidogo kwa mrija, afu anakuvizia usoni ukipiga funda la kwanza. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa anapika mbege, na kabla mtu yeyote hajaigusa lazima aionje yeye kwanza kwa kata, anakaa kimya, watu wazima wote wamesimama wanamsubiri yeye. Ule uso wa bibi ndo nautafuta kwenye hizi kaunta. Wengine wanao, wengine wana tatuu na ndevu tu.

Kwa hiyo alama nazitoa kwa mambo yangu mwenyewe: barafu, bili, na wanavyomchukulia mwanamke aliyekuja peke yake. Muziki na taa mkaulize wengine.

Nianze na Nairobi coz ndo nimeenda mara nyingi. Ukiuliza kinywaji cha pale ni kipi utaambiwa dawa, jina lake ndo hilohilo, dawa, na sehemu iliyoipa umaarufu ni Carnivore, ule mgahawa wa Langata Road karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, upo tangu 1980. Watu wengi wanaenda pale kwa ajili ya nyama, zile zinazoletwa kwenye mapanga zinakatiwa mezani kwako na kuna kibendera cheupe, usipokilaza wanaendelea kuleta tu mpaka ujute. Mimi nyama nakula kistaarabu, shida yangu ni yule mhudumu anayezunguka na trei wanamwita Daktari. Anakutengenezea palepale ulipokaa. Ndimu imekatwa vipande na maganda yake, sukari, barafu, vodka, afu unapewa kijiti kinene kichwani kina asali, na kazi ya kukoroga na kuponda ni ya kwako.

Kijiti ndo akili yote ya kile kinywaji, na watu wengi wanakichukulia kama pambo. Asali ikikutana na barafu inaganda, haiyeyuki mara moja, kwa hiyo mwanzoni unakunywa kitu kikali cha ndimu, ukiponda kidogo mafuta ya ganda yanatoka kunanukia, ukikoroga zaidi asali inaanza kuachia, na mwishoni glasi ileile imekuwa kinywaji kingine kabisa. Unajipimia mwenyewe. Sijaona baa nyingine iliyompa mteja usukani hivyo. Wazo lenyewe walilitoa Brazil, kule wana caipirinha, ndimu na sukari na pombe yao ya miwa, Nairobi wakaweka vodka na asali na kijiti wakaipa jina la Kiswahili na sasa hivi ukienda hoteli yoyote ya utalii kuanzia Diani mpaka Nungwi unaikuta kwenye menyu, ila nyingi wanakuletea imeshakorogwa tayari na kijiti kimelazwa juu kama kijiko cha chai. Hiyo sio dawa, hiyo ni juisi ya ndimu yenye makosa.

Siku ya kwanza nilimwambia yule Daktari, "Samahani kaka, naomba dawa moja, sukari isiwe nyingi." Akacheka mpaka trei ikatikisika. "Wewe ni wa Tanzania. Huku hatuombi, tunasema leta." Nikamwambia basi leta, kaka, naomba. Tukacheka wote na toka hapo hakuna aliyeniuliza namsubiri nani, alinitafutia sehemu nzuri pembeni ya moto, akaleta maji bila kuagizwa, bili ikaja imenyooka, mistari mitatu na yote naitambua. Kwa mkaguzi hayo ni mahaba. Kitu cha kujiandaa tu ni malipo, Nairobi kila mtu analipa kwa M-Pesa, we na laini yako ya Bongo usije ukategemea itaingia kwenye namba yao ya till kirahisi, beba kadi au keshi.

Na mwingine asije akanilaumu, baa za kawaida Kenya zina saa zake kisheria, siku za kazi zinaanza saa kumi na moja jioni na wikiendi saa nane mchana, ni ile sheria ya 2010 ambayo wenyewe mpaka leo wanaiita ya Mututho, jina la mbunge aliyeipigania. Mimi nilishawahi kutoka kwenye kikao saa tisa mchana na kiu yangu nikaenda baa moja mjini nikaambiwa madam rudi baadaye. Madam nikarudi kweli baadaye, nifanyeje.

Sasa ule mji nisioutaja. Baa iko juu kabisa ghorofani, picha zake mtandaoni zinavutia sana, glasi zinatoka moshi, mhudumu anakiwasha kipande cha mdalasini mbele yako, kila kitu kinawaka. Mlinzi: uko na nani? Niko na mimi. Akaongea kwenye redio ile ya mkononi kama vile nimeleta mzigo. Nikaingia nikaambiwa kaunta imejaa, naiona kwa macho yangu ina stuli sita tupu, nikapelekwa kwenye kimeza karibu na mlango wa choo. Baadae dada wa mapokezi akaja na lile swali, baadae tena meneja. Nikaelewa. Kwao mwanamke peke yake ni mmoja kati ya wawili, ama kaachwa ama yuko kazini. Kinywaji kilipokuja barafu ilikuwa zile ndogondogo zenye tundu katikati, zinayeyuka ukiwa bado unapiga picha, dakika tano una maji ya mdalasini. Nikaomba bili. Jamani. Kuna vinywaji viwili sijavigusa, gharama za huduma zimeandikwa mara mbili kwa majina mawili, na jumla yenyewe haijumlishiki, yaani hata ukikubali kila walichoandika namba ya chini bado sio yenyewe. Nikatoa peni kwenye mkoba. Nikakagua ile bili kama nakagua halmashauri, nikaweka vema, nikaweka alama ya kuuliza, nikamrudishia meneja nikamwambia naomba uongozi utoe majibu ya hoja. Ilirudi ikiwa nusu. Hawakuomba radhi lakini mlinzi wakati natoka alinifungulia mlango kwa heshima sana.

Ushauri wangu kwa yeyote hasa nyie mabinti mnaosafiri kikazi, ukiwa mji mgeni na hujui pa kuanzia, nenda baa ya hoteli. Najua haina sifa mitaani, najua ni bei. Ila baa ya hoteli imezoea watu walio peke yao, biashara yao nzima ni watu walio mbali na kwao. Na nenda mapema, saa kumi na mbili saa moja hivi, kaunta iko wazi na fundi ana muda wa kuongea, saa nne usiku hata ungekuwa waziri unapewa glasi unasahaulika.

Singapore nilipelekwa na mafunzo siku tano, na jioni ya pili nikaenda Raffles. Hoteli imefunguliwa 1887, nyeupe, ndefu, ya kikoloni haswa, na ndani kuna Long Bar ambayo ndo wanasema Singapore Sling ilizaliwa, mwaka 1915 kwa maelezo ya hoteli yenyewe, aliyeitengeneza ni fundi wao Ngiam Tong Boon. Watu wanapanga foleni kwa ajili ya glasi moja. Na mimi nikapanga, nimetoka Dar mbali kote huko nikatae foleni?

Cha kwanza utakachokisikia ni miguu yako. Mezani kuna vigunia vya karanga, za maganda, unakula karanga, ganda unatupa chini. Chini sakafuni. Huo ni mji ambao ukitupa kipande cha karatasi barabarani unapigwa faini, bazoka haziuzwi tangu 1992, na humo ndani watu wazima wenye tai wanatupa maganda sakafuni na hakuna anayesema kitu, sakafu nzima inalia kwachakwacha. Mimi nimelelewa na mama ambaye ukidondosha punje ya wali unaulizwa ataokota nani, nilikaa karibu robo saa nayakusanya maganda yangu kwenye kitambaa kidogo cha karatasi, mhudumu akaja akakichukua kile kitambaa akakimwaga chini mwenyewe akaniambia karibu Long Bar. Juu ya dari kuna mapepeo kama ya ukili yanakwenda taratibu mbele nyuma, nyumbani tungesema yanapepea vizimba vya kuku, ila kwa kweli yanatuliza.

Kinywaji chenyewe ni cha pinki, ndani kuna jini, na ile likya (pombe tamu) ya cheri, Bénédictine ambayo ni likya ya mitishamba, likya ya machungwa, juisi ya nanasi, ndimu, sirapu ya komamanga, na tone la bitaz, ule uchungu wa mitishamba. Orodha ndefu kuliko risala ya harusi. Ni kitamu, kina povu zuri juu la nanasi, na mimi sio mtu wa vitamu kwa hiyo alama zangu kwa ladha ni za wastani, mwenzangu wa Kampala tuliyekuwa naye mafunzoni alikunywa viwili na akasema ndo kitu kizuri alichowahi kuweka mdomoni, ye kwao kazoea Waragi na toniki sasa sijui tumwamini nani.

Ila hadithi yake ndo ilinikamata. Hoteli inasimulia kwamba enzi hizo mwanamke wa heshima hakutakiwa kuonekana anakunywa pombe mbele za watu, wanaume wana jini zao na wiski, wanawake wameshikishwa chai na juisi. Fundi akatengeneza kitu chenye rangi ya juisi, kinachonukia kama juisi, kwenye glasi ya juisi, na jini imo. Mimi nilicheka peke yangu pale kaunta mpaka jirani akanigeukia, kwa sababu jamani, nani kati yetu hajaenda kichenpati akaona birika la chai linazungushwa kwa mama wakubwa na ndani hakuna chai? Nani hajaona wifi ameshika kikombe cha bati ukumbini anakunywa "maji ya moto ya kifua" na macho yameshalegea? Miaka mia na kitu, bahari nzima katikati, na ujanja ni uleule.

Bili yao ni safi ila ielewe mapema. Kwenye menyu za Singapore ukiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei maana yake bado, inaongezwa 10% ya huduma, afu juu ya hiyo jumla mpya inaongezwa kodi 9%, kwa hiyo kilichoandikwa 100 unalipa 119.90. Sling yenyewe inazidi dola 30 za Singapore kabla ya hayo. Ghali? Ghali. Nilikaa saa mbili kwa glasi moja nikala karanga za kutosha kupanda shamba, hakuna aliyenifukuza wala kuniuliza kitu, stuli ya katikati kabisa ya kaunta. Kwenye suala la mwanamke peke yake naipa zote. Ila unaenda mara moja tu maishani, mara ya pili labda uwe unampeleka mtu.

London sasa. Kule nilikuwa likizo, nimefikia kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anakaa Reading, mlokole, hagusi kabisa, lakini alikubali kunisindikiza mradi nisimpost popote. Tukaanza hoteli ya Savoy, kwenye American Bar. Jina linachanganya, sio ya Wamarekani, zamani kule Ulaya baa ya vinywaji vya kuchanganya na barafu ndo walikuwa wanaiita hivyo kwa sababu mtindo ulitoka Marekani. Kuna piano inapigwa, watu wanaongea kwa sauti ya chini, 2017 ile orodha ya baa 50 bora duniani iliiweka namba moja.

Mimi nilifuata kitu kimoja. Kuanzia 1903 mpaka miaka ya ishirini mkuu wa kaunta ile alikuwa mwanamke, Ada Coleman. Hebu fikiria 1903, huku kwetu ndo Wajerumani wanatutawala, kule wanawake hata kura hawana, na kuna dada amesimama kaunta ya hoteli ya kifahari anawachanganyia mabwana. Kulikuwa na mwigizaji mmoja, Charles Hawtrey, akitoka kazini amechoka hoi anamwomba kitu cha kumshtua, Ada akamtungia Hanky Panky, jini na vamuti (divai ya mitishamba) nyekundu ile tamu nusu kwa nusu, na matone ya Fernet-Branca, pombe chungu ya mitishamba. Nikaagiza hiyo. Fernet sijui niieleze vipi, kwa aliyekulia Bongo ni rahisi, ni mwarobaini. Ule uchungu wa mwarobaini uliochemshwa na mama ukilazimishwa kunywa kikombe kizima, ila hapa matone mawili tu, na utamu wa vamuti unakuja unaubeba, kinabaki kitu kikavu kinachokaa kwenye koo kama stori ambayo haijaisha. Ndo kokteli niliyoipenda kuliko zote katika hizi safari. Baada ya Ada ilichukua mpaka 2021 kaunta hiyo kupata mkuu mwingine mwanamke. Karibu miaka mia! Dada yangu aliyekuwa na juisi yake akasema hata kanisani kwetu hatujachelewa hivyo.

Tukatoka tukatembea kwa miguu mpaka St James's, tunapita Trafalgar, baridi linakata masikio, tunaingia Dukes. Hii ni baa ndogo ndani ya hoteli kwenye kichochoro, ukipita haraka unaipita. Ian Fleming aliyemtunga James Bond alikuwa mteja, na kila anayekuja anakuja kwa martini. Hapa sasa hakuna kaunta ya kukaa kuangalia, fundi anakuja na toroli mpaka mezani kwako, koti jeupe, na hakuna barafu. Nasema tena, hakuna barafu, mimi niliyetoa alama kwa barafu dunia nzima nikakutana na baa isiyoihitaji. Jini inatoka kwenye friza imepoa mpaka inamwagika taratibu kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, glasi nayo imetoka friza, anaweka tone la vamuti kulowesha tu, anamimina jini mpaka juu, anakata ganda la limao kubwa la Amalfi, analikamulia juu, mafuta unayaona yanaelea. Dakika moja haijaisha. Hatikisi, hakorogi. Ukikoroga na barafu maji yanaingia yanapunguza makali, hapa hakuna maji yoyote, unakunywa jini tupu iliyolazwa usingizi na baridi.

Na wanakuruhusu mbili tu. Mwiko. Nilidhani ni mbwembwe za kuvutia watalii, nilipofika nusu ya ile ya kwanza nikaelewa kwamba ni huruma. Baridi inaficha moto, inateleza kama maji ya kisima, afu ukisimama ndo unajua kwa nini Waswahili tumeiita jini. Linapanda kichwani taratibu linatafuta kiti. Dada yangu alinishika mkono mpaka stesheni ya Green Park huku anakemea chinichini, sijui alikuwa ananikemea mimi au alilokuwa anadhani limeniingia. Glasi moja inazidi pauni 20, na London nyingi wanaongeza 12.5% ya huduma, mara nyingi ni hiari unaweza kuomba itolewe, mimi sikuomba, mtu aliyekuja na toroli mpaka mguuni kwangu nimnyime?

Kuna kitu kimoja cha pembeni nilikigundua siku nyingine hukohuko, kwenye baa ya kawaida tu ya mtaani, nimeagiza jini na toniki. Toniki uchungu wake ni kwinini. Ndio, kwinini ileile, ya sindano, ya masikio kulia mluzi siku tatu wakati wa malaria. Waingereza walikuwa wanainywa India kwa ajili ya homa wakaichanganya na jini ili ipite kooni. Na toniki moja ya bei ya juu ya Uingereza inajinadi kabisa kwamba kwinini yake inatoka Kongo, kwenye miti ya kule Kivu, upande wa Bukavu. Nikaishika ile chupa. Gamba la mti limetoka Bukavu limekwenda London limewekwa mapovu limerudi kwenye glasi yangu kwa pauni kadhaa, na mimi utotoni nililia nikipewa bure zahanati.

Unguja sitaongea sana maana wengi mnakujua, ila kama uko Mji Mkongwe nenda Africa House pale Shangani jua linapozama, zamani ilikuwa klabu ya Waingereza, roshani inatazama bahari na majahazi yanapita mbele ya jua bila kulipwa na mtu. Wahi saa kumi na moja, viti vya mbele vinaisha. Mwezi wa Ramadhani nenda kwa adabu au usiende kabisa, mji una wenyewe.

Nikirudi kwenye alama. Ukiniambia nirudi kesho sehemu moja tu kati ya hizi, kwa hela yangu mwenyewe sio ya ofisi, narudi Langata Road kwa yule Daktari na kijiti chake, chini ya elfu moja ya Kenya nililipa mara ya mwisho na nikacheka kuliko London nzima. Ukiniambia kuna mtu analipa, Savoy, Hanky Panky, kwa ajili ya Ada. Dukes ni pa kwenda umekula umeshiba na una ndugu mlokole wa kukushika mkono. Long Bar ni ya karanga na hadithi.

Mwezi uliopita tulikuwa na kichenpati Tabata ya binti wa mama mdogo, na mimi nikapewa kamati ya vinywaji, kosa lao. Nikanunua ndimu fungu zima pale Kisutu, asali ya Tabora, Konyagi kubwa mbili, hiyo ni 35% sio kali kama vodka kwa hiyo maji ya barafu usiyaache yazidi, na vijiti nikachonga vya mti wa mpera nikaviosha na maji ya moto. Barafu nikagandisha mwenyewe kwenye vikontena vya ice cream nikapasua kwa mwichi, mapande makubwa, hayayeyuki haraka. Glasi zikawa hazitoshi ikabidi tutumie vikombe vya chai. Mama mkubwa mmoja, mwenyekiti wa kwaya, nikamwonya kabisa kwamba mama hii ina kitu ndani. Akaniangalia, akaangalia huku na huku, akavuta kiti chake akakiweka karibu na meza yangu, akaanza kuponda ndimu kwa kijiti kama mtu aliyezaliwa Nairobi. Cha kwanza kikaisha. Akanisogezea kikombe.

"Mwanangu, hii juisi yako nzuri sana, ila umebania asali."